Mafuta ya Bibi na Sindano Iliyong'olewa

Nachingwea, 15 Mei 1950

Kwa Bi Mwamina binti Abdala, Malolo.

Pole, dada. Hatujawahi kuonana, lakini nakujua. Mimi ni Kipriani, fundi wa karakana ya kampuni hii ya kung'oa visiki. Chumba changu kambini kilikuwa kimoja na cha ndugu yako Abdulatifu. Barua zako alikuwa akinisomea kwa sauti, na ile ya mbuzi aliyekula mkeka wa msikitini aliisoma mara mbili.

Niliomba ruhusa nije kuzika, nikanyimwa. Najua mwili ulikuja kwenu juu ya lori, katikati ya mapipa. Nisamehe kwa hilo, ingawa si mimi niliyepakia.

Alikuwa chini ya tingatinga lililoinuliwa, mashine ikashindwa, likamshukia. Hakuteseka. Ni ajali ya kazi, na kazi ya Mungu haina makosa.

Kifurushi hiki ni vitu vyake: shati, msuli, tasbihi na kikombe cha bati.

Mimi ndugu yako katika msiba,
Kipriani


Malolo, 24 Mei 1950

Kaka Kipriani,

Ahsante kwa kuandika. Kampuni haijatuandikia hata neno moja.

Kifurushi nimekipokea. Kikombe nakijua, alikinunua Ruangwa mwaka tuliouza ufuta mwingi, akakitoboa jina lake chini kwa msumari. Tasbihi nimempa Bibi. Shati nimelifua kwa majivu, nikalifua tena, na bado linanuka. Ulipolikunja hukuiona damu kwenye kola? Sikulaumu. Nakueleza tu kwamba nililishika mkononi nikatoka nje kutapika, mbele ya wageni wa matanga, na mimi ndiye mwenye msiba.

Sasa kuna jambo nataka uniambie kweli.

Unajua tulilelewa na Bibi Sikuzani, aliyemzaa mama yetu. Macho yake yamefifia, lakini nyonyo anazikaanga mwenyewe, anazitwanga, anazichemsha na kuengua mafuta kwa kata. Abdulatifu alipenda mafuta yale tangu utotoni, akijipaka visigino. Siku moja alijaza chupa ya Bibi mpaka mdomoni, akagonga kizibo kwa kiganja, na kitako cha chupa kikaanguka chini chote, mafuta yote yakamwagika. Bibi akamfukuza na mwiko kuzunguka nyumba. Yeye alicheka tu. Kila alipokuja likizo mwaka huu aliondoka na debe la mafuta hayo. Tulidhani ni ya visigino.

Juzi alifika Dastani, tarishi wa kampuni yenu, akala chakula cha matanga, akajipangusa midomo na kusema mbele ya watu: "Bwana wa karakana ameandika kwamba mashine imepasuliwa na mafuta ya kienyeji." Basi. Alisema hivyo kama mtu anayeeleza bei ya chumvi, akaomba maji ya kunawa.

Mjomba Saadi akasimama. Huyu ni mtoto wa dada yake Bibi, ndiye mkubwa wetu, neno lake ndilo neno la ukoo. Akasema chuma kizima hakipasuki bure; mafuta yametoka kwa nani, na kwa nini kijana aliyekuwa akipanda kazini ndiye afe? Alisema hayo mkononi ameshika paja la kuku wa Bibi, wa mwisho kati ya wale aliochinja kwa ajili ya mjukuu wake. Alilitafuna mpaka mfupa. Nilitazama midomo ile iking'aa.

Sasa wamemwita mnyoaji. Pengine kwenu mnawajua watu hawa: wananyoa watu vichwa, wanawanywesha dawa, na aliyetajwa mchawi anaondolewa kijijini, nyumba yake inachomwa. Atakuja siku ya arobaini, tukishasoma hitima. Bibi hana meno na haoni njia ya kisimani. Akiondolewa Malolo ataishi porini siku ngapi?

Mafuta ya Bibi yaliwekwa kwenye mashine ile, au hayakuwekwa? Ndiyo yaliyomuua ndugu yangu?

Mwamina


Nachingwea, 29 Mei 1950

Bi Mwamina,

Barua yako imefika. Mafuta ya nyonyo yalitumika, maana ya Ulaya yalikuwa yamekwisha. Mengine ni mambo ya ufundi, hayaelezeki kwa barua. Mwombeeni marehemu. Kuhusu wazee wa ukoo, mimi ni mgeni, sina la kusema.

Tafadhali barua zako usimpe tena Dastani alete. Mpe dereva wa lori la ufuta.

Kipriani


Malolo, 3 Juni 1950

Kaka Kipriani,

Barua yako fupi nimeila kama wali wenye mchanga.

Ungeniambia "sitaki" ningekuelewa. Umeniambia "hayaelezeki". Ndugu yangu ndiye aliyenifundisha kugawanya, baada ya mimi kuachishwa shule darasa la nne. Alitandaza ufuta kwenye ungo, akachora mistari kwa kidole. Hakuniambia hata siku moja kwamba jambo halielezeki. Alikuwa akisema, "Subiri, Mwamina, nilianza vibaya," akautandaza upya.

Umesema ndiyo, mafuta yalikuwa ya Bibi, kisha ukanyamaza. Unajua umefanya nini? Mjomba Saadi alidai asomewe barua, naye ni mkubwa, nikamsomea. Akasema, "Hata Mkristo wa Nachingwea amekiri." Tangu hapo jirani zetu wawili hawachukui moto kwenye jiko letu. Bibi anauliza mbona kumekuwa kimya.

Jana usiku alinipapasa uso, akaniuliza, "Wewe pia unaogopa mikono yangu?" Nikasema hapana.

Unaogopa kazi yako isiote mbawa, nimekufahamu kwa hilo la Dastani. Mimi naogopa moto wa makuti. Pima mwenyewe.

Mwamina


Nachingwea, 8 Juni 1950

Dada Mwamina,

Nimepima.

Msimamizi wetu tunamwita Bwana Filimbi, kwa sababu hupiga mluzi anapotembea, na siku ile alipiga pia. Ndugu yako alipotolewa, Bwana Filimbi aliagiza mchanga umwagwe pale sakafuni, akatazama saa, akaenda kula. Aliporudi, mchanga ulikuwa bado haujakauka. Akatuambia tuburute jeki nyingine mahali pale pale. Tukaburuta. Na mimi nilishika kamba. Tangu siku hiyo chakula cha kampuni kinanuka kwangu kama chuma.

Sasa mashine, yaani ile jeki. Ni silinda ya chuma iliyosimama wima, kama mtungi mrefu. Ndani yake mna pistoni, kipande cha chuma cha mviringo kinachopanda na kushuka. Mafuta yanasukumwa chini ya pistoni kwa pampu ya mkono, pistoni inapanda, inainua mzigo. Mzigo nao unayakandamiza mafuta, na mafuta yanasukuma kuta za silinda kila upande. Msukumo huo ndio unaoamua kama chuma kitavumilia au kitapasuka.

Mtengenezaji wa silinda ile amegonga kwenye ubavu wake: isizidi ratili elfu moja kwa kila inchi ya mraba. Na kulikuwa na saa ya kupimia msukumo, yenye sindano na mstari mwekundu. Mwezi wa pili walianza kuinua matingatinga makubwa yaliyokuja kwa treni. Sindano ikaingia kwenye wekundu. Abdulatifu akasimamisha kazi, na sote tukatoka chini. Bwana Filimbi akaja, akaitazama, akacheka. Akasema, "Sindano hii inawatia woga bure." Akaing'oa saa kwa spana yake mwenyewe, akaziba tundu lake pale kwenye pampu kwa bolti. Wiki ile ile mafuta ya Ulaya yakaisha, na ndugu yako akaleta ya Bibi, na ngozi zinazoziba ukingo wa pistoni zikawa hazivuji tena kama zamani. Bwana mwenyewe alisema ni mafuta mazuri. Alinusa kidole.

Ndiyo maana naogopa, na ndiyo maana naona kinyaa kuogopa.

Hesabu ni hii. Saa haipo, lakini sindano inaweza kurudishwa kwa kalamu. Chukua uzito wa mzigo kwa ratili, ugawanye kwa eneo la pistoni kwa inchi za mraba. Tingatinga lile ni tani kumi na sita, na lilikuwa limeinuliwa upande wa mbele tu, kwa hiyo nusu ya uzito ndiyo iliyokuwa juu ya silinda: tani nane. Kila tani ni ratili 2,240. Pistoni ni ya inchi nne. Eneo la mviringo unalijua, ishirini na mbili kwa saba.

Fanya mwenyewe, kama ndugu yako alivyokufundisha. Nataka jibu litoke mkononi mwako, wasije wakasema ni Mkristo wa Nachingwea.

Kipriani


Malolo, 12 Juni 1950

Kaka Kipriani,

Nimefanya kwenye ungo, kwa ufuta, kisha nikafanya kwa penseli. Tani nane ni ratili 17,920. Nne mara nne mara ishirini na mbili, gawanya kwa saba, nikapata inchi za mraba hamsini na kidogo. Nikagawanya. Nikapata ratili 356 kwa kila inchi.

Mia tatu hamsini na sita. Silinda ilikuwa inaweza kubeba elfu moja.

Nimeirudia mpaka penseli imekwisha. Basi Bwana Filimbi yule hakukosea. Sindano ingekuwa mbali kabisa na wekundu, na kilichobaki ni mafuta.

Sikulala. Asubuhi Bibi aliniletea uji, kidole gumba kimeingia kwenye bakuli kama kawaida yake, maana anapima ujazo kwa kidole. Kidole kilikuwa na harufu ya nyonyo. Kaka, niliuangalia uji ule sikuweza kuumeza. Nilimwaga nyuma ya nyumba, Bibi akiniuliza kama umekolea chumvi. Mikono hii ndiyo iliyonikata kitovu. Nimejiona mimi ndiye uchafu wa nyumba ile, kuliko Saadi na kuku wake.

Mnyoaji amefika Malolo. Analala kwa Saadi. Ana wembe wake kwenye kitambaa chekundu, na watoto wanamfuata.

Niambie kama nimekosea. Kama sikukosea, usijibu.

Mwamina


Nachingwea, 15 Juni 1950

Dada Mwamina,

Umekosea! Namwambia dereva asilale njiani.

Subiri, tulianza vibaya, na aliyeanza vibaya ni mimi. Nilikuandikia "pistoni ya inchi nne" kama tunavyosema karakana. Hizo inchi nne ni upana wake wote, toka ukingo mmoja hadi wa pili. Kwenye hesabu ya mviringo unatumia nusu ya upana, toka katikati hadi ukingoni. Ni mbili, si nne.

Mbili mara mbili mara ishirini na mbili, gawanya kwa saba: inchi kumi na mbili na nusu, na kidogo juu. Sasa gawanya ratili zako 17,920.

Ni 1,425.

Chuma kilichoandikwa kisizidi elfu moja kilibebeshwa elfu moja mia nne na zaidi, tangu mwezi wa pili, kila siku ya kazi, mpaka kikachoka. Na sasa tazama hesabu yote toka juu hadi chini. Pana mahali pa uzito, pana mahali pa upana. Hapana mahali pa kuandika jina la mafuta. Ukitia nyonyo, ukitia ya Ulaya, ukitia maji ya mtoni, sindano ingesimama pale pale.

Wazee wako hawatakubali ratili na inchi. Lakini kumbuka ile chupa ya Bibi, uliyoniandikia. Kizibo ni kidogo kama ukucha, kitako ni kikubwa. Unapogonga kizibo, chupa ikiwa imejaa pomoni bila hewa, kipigo kile hakikai mdomoni. Mafuta yanakipeleka kila mahali, na kila kipande cha kioo chini kule chenye ukubwa wa ukucha kinapigwa sawasawa na kizibo. Kucha nyingi, vipigo vingi, kitako kinatoka. Ndugu yako alinionyesha hapa kambini kwa chupa ya siki, akisema, "Hivi ndivyo jeki inavyoinua, na hivi ndivyo itakavyotuua." Nilidhani anatania.

Tumia chupa nyembamba za dukani. Funga mkono kwa kitambaa.

Nimekataa kuingia chini ya jeki mpaka saa irudishwe. Wengine watatu wamekataa nami. Bwana Filimbi ametuita wavivu, kisha akapiga mluzi.

Kipriani


Malolo, 24 Juni 1950

Kaka Kipriani,

Barua yako ilifika siku moja kabla ya arobaini. Niliirudia hesabu kwenye ungo. Ilipotoka 1,425 nilikwenda kwa Bibi nikamwomba uji, nikanywa wote, nikamlamba na kidole. Akasema nimerudi utotoni.

Hitima ikasomwa. Walipomaliza kula, Mjomba Saadi alikohoa, na mnyoaji akafungua kitambaa chake. Bibi alikuwa amekaa mkekani, tasbihi ya Abdulatifu mkononi, hajui wembe uko upande gani.

Nikaomba kusema. Saadi akasema, "Mwanamke anasema nini hapa?" Mwanne, mtani wetu, aliyekuwa ameshatutukana tangu asubuhi kama ilivyo kazi ya mtani msibani, akapaza sauti: "Mwache aseme, Saadi! Wewe ukinyolewa hicho kichwa kitabaki nini? Ndani hamna kitu, na nje pia hamtakuwa!" Watu wakacheka, na katika kicheko kile nikapata nafasi.

Nikaweka chupa mbili. Ya kwanza nikaijaza mafuta ya Bibi mpaka mdomoni, nikaziba, nikagonga kizibo kwa mchi mdogo. Kitako kikaanguka, mafuta yakamwagika mkekani. Wanawake wakapiga ukelele. Saadi akaruka, akanyoosha kidole: "Mmeona! Mmeona kwa macho yenu!" Nilimwona usoni, kaka. Alikuwa amefurahi. Abdulatifu yumo ardhini siku arobaini, na mtu huyu alikuwa amefurahi.

Nikamwambia, "Mjomba, nipatie maji ya kisimani kwako, akateke mkeo mwenyewe." Yakaletwa. Nikajaza chupa ya pili, mbele yake, nikaziba, nikagonga. Kitako kikatoka vile vile.

Ndipo nikaanza kuwaeleza: kizibo, kitako, ukucha, uzito, jinsi yule Bwana alivyoing'oa sindano iliyokuwa ikiwaonya. Nadhani wawili watatu walinielewa. Lakini Mwanne hakuweza kujizuia. Akasema, "Alaa, Saadi! Kumbe kisima chako nacho kinaroga!"

Ulikuwa utani. Ungekwisha kwa kicheko. Lakini mnyoaji hakucheka. Aligeuza uso polepole akamtazama Saadi, na watu nao wakageuka, wale wale waliokuwa wakimtazama Bibi, kwa macho yale yale. Mmoja akasema mtoto wake alikunywa maji yale akaharisha. Mwingine akauliza ni nani aliyemshauri Abdulatifu aende Nachingwea. Ni Saadi, kila mtu anajua. Ndiye aliyempeleka kwa mkono wake mpaka ofisini. Hapo ndipo nikaelewa kwa nini alihitaji sana mchawi awe ni Bibi. Uso ulimshuka, midomo imemkauka. Akaniangalia mimi.

Nitakuambia kweli: nilitaka kunyamaza. Nilikuwa bado namwona na paja la kuku wa Bibi mkononi. Ningenyamaza kidogo tu, wembe ungekwenda wenyewe. Lakini nilijiona niko pale karakana na wewe, nimeshika kamba, navuta jeki nyingine mahali pale pale.

Nikasema, "Maji ni maji. Nyonyo ni nyonyo. Mjomba hakumuua, alimtafutia kazi tu." Hawakunisikia. Walikuwa wameanza kuinuka.

Bibi ndiye aliyewasikilizisha. Akauliza, "Maji yale yamebaki?" Nikampa kata. Akayanywa, pua imeingia ndani ya kata, kwa sauti, kama ng'ombe. Kisha akanyoosha mkono hewani, maana haoni, akasema, "Saadi uko wapi? Kunywa na wewe, mwanangu. Koo lako limekauka, nalisikia."

Saadi akaja kwa magoti. Alikunywa, maji yakimmwagikia kifuani, na mikono yake yote miwili ilikuwa imeishika ile mikono ya Bibi yenye mafuta.

Mnyoaji alifunga wembe wake. Alfajiri alikwenda Chiola, ambako wanamngoja. Watu kadhaa wa hapa wamemfuata. Nikisema juu yao nitatema.

Saa imerudishwa? Niandikie hata kama haikurudishwa. Nimeandika hesabu yetu juu ya kipande cha karatasi, na chini yake jina lake, Abdulatifu bin Abdala, kwa sababu ndiye aliyeisimamisha kazi. Ukiona inafaa, ibandike kwenye pampu, pale tundu la bolti lilipo. Ukiona haifai, ibaki mfukoni mwako.

Dereva atakupa chupa. Bibi ameengua mafuta mapya wiki hii, na Saadi ndiye aliyemtwangia. Bibi anasema ni ya visigino vyako, si ya mashine. Hajaijaza chupa mpaka mdomoni.

Dada yako,
Mwamina